Mzee alikuwa mfanyabiashara pia: hadithi isiyosemwa tarehe 16 Januari

Ndugu vijana wa Kamina, mama zetu wa soko, baba zetu wa reli, na ninyi wote wa Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu munaotusoma kwenye simu ya rafiki kwa sababu megabaiti zenu zimekwisha: salamu.

Ijumaa hii, tarehe 16 Januari 2026, inatimia miaka 25 tangu Mzee Laurent-Désiré Kabila apigwe risasi na mmoja wa walinzi wake mwenyewe pale Kinshasa. Ni siku ya kupumzika. Kesho yake pia, kwa ajili ya Lumumba. Hapa Kamina tunajua namna siku hiyo inavyopita: hotuba, bendera, chupa za bia, na mukubwa mmoja anakumbusha kwamba baba ya Mzee alikuwa Muluba wa kaskazini ya Katanga, kwa hiyo ni mtoto wetu. Halafu kila mtu anarudi kwake kutafuta bukari.

Mwaka huu hatutaki ipite vile. Tangu Goma ianguke mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, kuna neno moja linazunguka kwa madereva wa moto, sokoni, mpaka nje ya kanisa: "Kama hauna bunduki, hakuna mwenye anakusikia." Wengine wanatazama AFC ya Corneille Nangaa, jina linalofanana sana na AFDL, wanasema ni 1996 tena. Wengine, tangu Joseph Kabila ahukumiwe kifo na mahakama kuu ya kijeshi Septemba 2025 bila yeye kuwepo, wanasema mtoto atapita njia ya baba. Na mwenzetu mmoja, dereva wa moto, kijana tuliyefagia naye soko mara nyingi, alitujia jioni moja akasema anauza moto yake aende kujiunga. Tukamuuliza, kujiunga na nani? Akajibu: "Yeyote. Mzee naye alianza vile. Alikuwa na komersa yake, akashika silaha, akakuwa prezida."

Neno lile ndilo limetufanya tuandike. Kijana yule hakusema uongo. Mzee alianza karibu vile kweli. Ila hadithi aliyopewa imekatwa katikati, na sehemu iliyokatwa ndiyo inayomhusu yeye.

Laurent-Désiré Kabila alizaliwa 1939. Watu wanabishana kama ni Moba ao ni Likasi, sisi hatutaingia katika ubishi huo. Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, kijana Kabila alikuwa upande mwingine, pamoja na vijana wa BALUBAKAT, chama cha Jason Sendwe. Wazee wa kwetu wanaikumbuka miaka ile bila hotuba: vijiji vilivyochomwa, reli iliyokatwa, familia zilizotawanyika. 1964 ukaja uasi wa Simba. Ulichukua Uvira, ukachukua Albertville, mji tunaouita leo Kalemie, na Kabila alikuwa mmoja wa viongozi wake upande ule. Ni katika Albertville, mwezi wa sita mwaka uleule, ambapo Sendwe mwenyewe, baba wa BALUBAKAT, aliuawa. Tunaliweka jambo hilo hapa na hatuongezi kitu.

Kamina nayo imo ndani ya hadithi hii, na ni vizuri watoto wetu wajue. Novemba 1964, makomando wa Ubelgiji waliletwa na ndege za Marekani mpaka kwenye base yetu, ile ambayo Wabelgiji waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili. Tarehe 24 waliruka kutoka hapa, wakaangukia Stanleyville, na kutoka siku ile uasi haukusimama tena vizuri. Katika miaka ya 1980 uwanja uleule ulitumiwa na Wamarekani kupeleka silaha kwa UNITA, Angola. Base imetumikia vita vya watu wengi. Mtu wa Kamina anasikia ndege inapita juu ya shamba lake, haambiwi imebeba nini.

Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kuja kusaidia waasi waliobaki. Alikaa miezi saba. Alimwona Kabila kuwa mtu anayeweza kweli kuongoza wengine, lakini alichoka kumngoja: wapiganaji walikuwa mlimani, mukubwa alikuwa ng'ambo ya ziwa, mara Kigoma, mara Dar es Salaam, na alipofika mbele ya vita hakukaa siku nyingi. Novemba Che akaondoka. Kabila alibaki, na mwisho wa 1967 akaanzisha chama chake, PRP.

Sasa tunafika mahali ambapo hotuba za tarehe 16 zinaruka.

Kwa karibu miaka 20 PRP iliishi katika milima ya Fizi, mahali walipopaita Hewa Bora. Kulikuwa na mashamba ya pamoja, kulikuwa na mafundisho ya siasa. Kulikuwa pia na dhahabu na pembe za ndovu zilizoshuka usiku mpaka ziwani na kuvuka. Mei 1975, watu wake walivuka wao wenyewe mpaka Gombe, upande wa Tanzania, pale wanapochunguza maisha ya sokwe, wakateka wanafunzi wanne wa kizungu. Waliachiliwa baada ya wiki nyingi, na fidia ililipwa. Wakuu wa jeshi la Mobutu katika eneo lile walijua kinachoendelea, na inasemwa kwamba walipata fungu lao.

Tukae kidogo hapo. Mwasi anauza. Askari anayelipwa kumkamata anafumba macho. Mkulima aliye katikati analipa huku na kule, kwa mwasi jina lake ni mchango, kwa askari jina lake ni faini. Vita vya namna hiyo havina mtu mwenye haraka ya kuvimaliza. Mobutu alikuwa na sababu ya kusema bado kuna adui, Kabila alikuwa na sababu ya kusema bado kuna mapinduzi, na dhahabu iliendelea kuvuka. Kulikuwa na mashambulizi mawili juu ya Moba, 1984 na 1985, watu wakafa, mji ukarudishwa kila mara. Kufikia 1988 dola dogo la mlimani lilikuwa limekwisha, na Kabila hakuonekana tena. Wengi walidhani amekufa.

Alikuwa hajafa. Alikuwa Tanzania, akifanya biashara zake.

Tusieleweke vibaya. Komersa haina dhambi. Nani kati yetu hakulelewa na makuta ya mama aliyeuza samaki wa Bukama ao mafuta ya ngazi? Vijana wangapi wa hapa wanasukuma kinga na magunia mawili ya muhindi toka kijijini mpaka gare? Mtu anayenunua hapa na kuuza pale anatuletea chumvi na sabuni. Na Katanga yetu ni nchi ya wafanyabiashara waliotawala, si jambo geni. Msiri alikuja kutoka Unyamwezi kutafuta shaba na pembe, akawa mfalme wa Garanganze kule Bunkeya, mpaka watu wa Leopold walipomuua Desemba 1891. Tshombe alikuwa mtoto wa tajiri wa maduka, naye alifanya biashara, ikamshinda, akaingia siasa. (Wazee wanasema kwa kucheka kwamba kama maduka ya Tshombe yangeenda vizuri, labda Katanga ingepumua. Ni mzaha tu, Union Minière ingempata mwingine.)

Shida si duka. Shida ni pale duka, bunduki na muhuri wa serikali vinapokaa katika mfuko mmoja. Ukidaiwa na mfanyabiashara unaweza kumshitaki. Ukionewa na askari unaweza kwenda kwa mukubwa wake, angalau kwenye karatasi. Kiongozi mbaya unaweza kumnyima kura. Lakini mtu mmoja akiwa vyote vitatu, utamshitaki kwa nani?

Turudi 1996. Rwanda na Uganda walikuwa na vita vyao, walihitaji Wakongomani wa kuweka mbele. Mwezi wa kumi, AFDL ikazaliwa, kwa tangazo la Lemera, na majina manne: Kabila, André Kisase Ngandu, Anselme Masasu Nindaga, Déogratias Bugera. Mwanzoni Kabila alikuwa msemaji tu, na aliyekuwa mkuu wa wapiganaji ni Kisase. Januari 1997 Kisase aliuawa. Masasu alipigwa risasi kwa hukumu ya kijeshi Novemba 2000. Kijana anayetaka kujiunga na "yeyote" ajue kwanza hesabu hiyo: kati ya wanne walioanza, watatu waliuawa kabla ya Februari 2001, na Mzee mwenyewe ni mmoja wao. Hao ni wakubwa. Wadogo hakuna aliyewahesabu.

Aprili 1997 Lubumbashi iliingia mikononi mwa AFDL. Tunakumbuka, ao wazazi wetu wanakumbuka, furaha ya siku zile. Basoda wa Mobutu walikuwa wamekimbia wakipora, na wale kadogo waliingia kwa mguu, wamevaa buti kubwa kuliko miguu yao, hawaibi. Lakini mwezi uleule, kabla Kinshasa haijaanguka, kabla hajaapishwa mtu yeyote, kampuni ya American Mineral Fields ilikwisha kutia saini na waasi mikataba ya madini ya thamani karibu dola bilioni 1, Kolwezi na Kipushi. Mwenye kampuni alimpa Kabila ndege ya kusafiria. Nani alimpa AFDL ruhusa ya kuuza Kolwezi? Hakuna bunge lililokaa. Hakuna raia aliyeulizwa. Mzee alifanya kama alivyozoea ng'ambo ya ziwa: mali iko chini ya ulinzi wangu, mununuzi amefika, tuandikiane.

Tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ikachukuliwa. Mobutu, baada ya miaka 32, alikuwa amekwisha kupanda ndege.

Hatutaki kuwa watu wa kuona ubaya peke yake. Kuondoka kwa Mobutu kulikuwa jambo kubwa na tunamshukuru kila aliyetia mkono. Franka ya Kongo tunayoitumia ilitoka Juni 1998, na kwa muda watu walipata tena noti zenye kueleweka, baada ya mamilioni ya zaire yasiyonunua hata mkate. Alianzisha Service National, na Kaniama-Kasese, hapa jimboni mwetu, bado inalima muhindi, siku hizi pamoja na vijana wa kuluna walioletwa toka Kinshasa. Tuna maswali juu ya namna wanavyoletwa, lakini shamba ni shamba. Na mwezi wa saba 1998 alipowaambia maafisa wa Rwanda warudi kwao, alifanya jambo ambalo wengine wangeogopa. Siku ile alikuwa mukubwa kweli. Alilipa kwa vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti na kwa maisha yake.

Lakini tazama alivyolipia vita. Zimbabwe, Angola na Namibia walileta majeshi. Jeshi halili hewa. Mwezi wa 11 1998, mfanyabiashara mzungu wa Zimbabwe, Billy Rautenbach, aliwekwa kuwa mkuu wa Gécamines. Kampuni ya Mzee, Comiex, iliunganishwa na Osleg ya watu wa jeshi la Zimbabwe, wakapanga almasi, shaba, kobalti na miti. Almasi, mwaka 2000, haki ya kuinunua yote ilipewa kampuni moja ya kigeni. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika hayo yote tangu 2001, wakaandika vilevile uporaji wa Rwanda na Uganda upande wa pili wa mstari. Kwa hiyo huku na kule mtindo ulikuwa mmoja: jenerali ana hisa, waziri ana hisa, na raia wa Kabalo ao Malemba anakimbia na godoro kichwani.

Ndani ya nchi, vyama vilifungwa midomo. Mahakama ya kijeshi ilihukumu mpaka raia. Étienne Tshisekedi alipelekwa kwa nguvu kijijini kwake Februari 1998. Wakimbizi wa Rwanda waliouawa msituni wakati AFDL inapita wameandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, na mpaka leo hakuna mahakama iliyoifungua vizuri. Wenye kusema "usaliti Kongo hapana, hata siku moja", neno maarufu la Mzee, wakumbuke kwamba neno hilo linawafunga hata wenye kulisema.

Na kadogo? Walipewa silaha kabla ya kuota ndevu. Walimfikisha ikulu. Mmoja wa walinzi wake, kijana aliyetoka katika kundi lile, ndiye aliyempiga tarehe 16 Januari 2001.

Tumemweleza mwenzetu wa moto hadithi hii yote, jioni mbili mfululizo. Alisikiliza. Halafu akauliza swali ambalo lilitunyamazisha: "Sawa. Lakini hawa wa leo wana tofauti gani? Si nao banafanya komersa na sare mwilini?"

Ndiyo maana tangazo hili si la historia peke yake.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 188, inasema jeshi ni la taifa zima, haliingii siasa, liko chini ya mamlaka ya raia, na hakuna anayeruhusiwa kulitumia kwa faida yake. Kifungu cha 190 kinamwita msaliti mukubwa kila anayeunda jeshi binafsi ao kulea vijana wenye silaha. Kifungu cha 99 kinamlazimisha Rais na kila waziri kuandika mali ya familia yake anapoingia na anapotoka. Sheria ya madini ya 2002, kifungu cha 27, inakataza askari, polisi, watu wa usalama, majaji na watumishi wa serikali kumiliki haki za madini. Sheria hizi hazikuanguka toka mbinguni. Ziliandikwa na watu waliokuwa wametoka tu katika vita tulivyovieleza hapa juu, na walijua vizuri walikuwa wanakataza nini.

Je, zinafuatwa? Uliza mchimbaji wa Malemba-Nkulu, nani anakuja kuchukua fungu kwenye shimo, na amevaa nini. Uliza wasukuma kinga wanaoingia Kamina na makaa, wanalipa mara ngapi kwenye bariera kabla ya kufika soko, na wanapewa karatasi gani. Hatutaji mtu wala ofisi leo, kwa sababu hatujamaliza kukusanya. Lakini kila mtu wa hapa anajua bei ya gunia moja kupita, na mama anayeuza makaa anaiweka bei hiyo juu ya kikapu chetu. Akiba ya wenye sare inatoka kwenye sufuria zetu.

Kwa hiyo tunaomba, na tutaendelea kuomba bila fimbo na bila jiwe. Liwali wa jimbo na wakuu wa jeshi na polisi hapa Kamina watangaze wazi, kwenye redio na kwa Kiswahili na Kiluba, bariera gani ni za halali, na bei gani, na karatasi gani. Zilizobaki ziondolewe. Wabunge wetu wa Haut-Lomami waulize bungeni kifungu cha 27 kinatumika namna gani katika machimbo ya jimbo hili, na walete jibu hapa, wasilibakize Kinshasa. Wale wanaotoka serikalini na kurudi hapa kujenga majumba yenye ukuta mrefu, waonyeshe wameandika nini chini ya kifungu cha 99. Na wote watakaosimama mbele ya watu Ijumaa na kumsifu Mzee, waseme pia habari ya mikataba ya Aprili 1997. Wakiona haya kusema hiyo, basi wasiseme na ile nyingine.

Kwa wenzetu wanaofikiria msitu: tunaelewa hasira, ni yetu pia. Diploma iko kwenye sanduku, gari ya moshi inapita inapotaka, umeme ni habari ya jirani. Lakini anayekuja kukuandikisha hatakuambia mali itauzwa kwa nani. Muulize. Muulize nani anamnunulia risasi na atamlipa kwa nini. Akikasirika kwa swali hilo, umekwisha kupata jibu.

Moto ya mwenzetu haijauzwa wakati tunaandika haya. Ametuambia anangoja kuona.

Jumamosi tarehe 17 Januari, saa tisa ya mchana, mahali petu pa kawaida, tutakaa na wasukuma kinga na mama wa makaa kuandika katika daftari moja: njia gani, siku gani, bariera gani, franka ngapi. Hatutaandika jina la mtu anayetoa ushuhuda. Asiyejua kuandika atapata mtu wa kumwandikia. Munaotoka mbali ya mji, njooni mapema, na kinga zenu zitalindwa.